Kuijua 2,147,483,647

Leo tuna namba moja tu mezani, na kama una kalamu karibu, iandike: 2,147,483,647. Ukiisoma kwa sauti ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kwa ukubwa wake haitishi. Bajeti za serikali zetu za Afrika Mashariki huipita kwa mbali kila mwaka. Hata hivyo namba hii imewashughulisha watu wa hisabati tangu karne ya 16. Kwa karibu miaka mia moja ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote zilizojulikana kuwa tasa, na leo imo ndani ya kompyuta nyingi kuliko tunavyodhani. Nitaitumia kutetea hoja moja. Namba ina sifa zilizo zake yenyewe, na ina sifa nyingine zinazotokana na jinsi tulivyoamua kuiandika. Anayezichanganya hizi mbili hubaki akishangaa tarakimu. Anayezitenganisha hupata ujuzi unaofanya kazi. Na ile shughuli ya kuainisha namba, kusema hii ni shufwa, ile ni witiri, hii ni tasa, ile ni kamilifu, ina maana pale tu inapoegemea sifa za aina ya kwanza.

Tuanze na mwandiko. Namba yetu ina tarakimu kumi, na jumla yake ni 46. Ukijumlisha tena 4 na 6 unapata 10, na 1 na 0 ni 1. Wako watu wanaojenga makubwa juu ya hesabu kama hiyo: namba ya nyumba, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, zote hupunguzwa hadi ibaki tarakimu moja, kisha tarakimu hiyo hupewa maana ya bahati au nuksi. Lakini tarakimu hizi zimetokana na mazoea yetu ya kuhesabu kwa makumi. Ukiandika kwa manane, ambapo kila nafasi ina thamani mara nane ya nafasi iliyo kulia kwake, namba hiyohiyo inakuwa 1 ikifuatwa na tarakimu ya 7 mara kumi. Ukiandika kwa mawili, kama zinavyofanya kompyuta, inakuwa mstari wa tarakimu ya 1 peke yake, 31 kwa idadi, bila sifuri hata moja. Jumla ya tarakimu ilikuwa 46, ikawa 71, ikawa 31, na namba yenyewe haijaguswa. Mtu akivua kanzu akavaa shati bado ni yuleyule. Ni haki, hata hivyo, niseme jambo moja kwa upande wa tarakimu: katika mwandiko wa makumi, jumla ya tarakimu hutuonyesha baki tukigawanya kwa 9. Ile 1 tuliyoipata mwishoni inasema kwamba ukipanga vitu 2,147,483,647 katika mafungu ya tisa tisa, kitabaki kimoja. Hilo ni kweli kuhusu namba yenyewe, uiandike kwa mfumo wowote. Mwandiko ulitusaidia kuliona upesi tu, haukulitengeneza. Bahati na nuksi haziwezi kupita mtihani huo, kwa sababu ukibadili mfumo wa kuandika zinayeyuka.

Sifa iliyo ya namba yenyewe, na iliyo muhimu kuliko zote katika mazungumzo haya, ni jinsi inavyokubali kugawanywa. Chukua namba yetu pamoja na jirani zake wawili, anayeitangulia na anayeifuata. Kwa ukubwa huwezi kuzitofautisha. Kama zingekuwa shilingi, hakuna ambaye angegombania tofauti. Sasa zigawanye. Inayotangulia, 2,147,483,646, ni zao la 2, 3, 3, 7, 11, 31, 151 na 331, na ukihesabu namba zote zinazoigawanya bila baki unapata 192. Inayofuata, 2,147,483,648, ni mbili thelathini na moja zilizozidishwa pamoja, basi. Hakuna kigawo tasa kingine ndani yake, na vigawo vyake vyote ni 32. Yetu ya katikati ina vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Ni namba tasa. Tazama tofauti hiyo: 192, kisha 2, kisha 32, kwa namba tatu zinazofuatana moja baada ya nyingine. Ukubwa haukutuambia lolote kuhusu hili, na urefu wa mwandiko haukutuambia lolote pia. Ndiyo maana nasema kwamba mtu anayeweza kuisoma namba bila kukwama bado hajaijua.

Swali linalofuata ni zito zaidi: tunajuaje kwamba ni tasa? Hapa historia ina ushahidi mzuri wa hoja yetu. Namba yetu ni moja chini ya 2 kwa kipeo cha 31. Namba za umbo hilo, 2 kwa kipeo fulani kisha uondoe 1, wakati mwingine ni tasa na wakati mwingine si tasa. Kipeo chenyewe lazima kiwe tasa, lakini hilo halitoshi. Mwaka 1588 Mwitalia Pietro Cataldi alithibitisha, kwa kugawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine kutoka kwenye jedwali alilolitengeneza, kwamba vipeo vya 17 na 19 hutoa namba tasa: 131,071 na 524,287. Kazi safi. Kisha akaendelea kudai kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 navyo hutoa namba tasa. Kwa 23, 29 na 37 alikosea. Mwanahisabati Fermat alionyesha mwaka 1640 kwamba ile ya 23 hugawanyika kwa 47. Kwa 31 alipatia. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne, ambaye jina lake ndilo limebaki kwa namba hizi, alitoa orodha yake ya vipeo hadi 257. Humo 31 imo, na ni sahihi. Lakini pia imo 67, ambayo ni makosa, na 257, ambayo ni makosa, na ameziacha 61, 89 na 107, ambazo zilistahili kuwamo. Sasa niambie, msikilizaji: Cataldi na Mersenne walijua kwamba namba yetu ni tasa? Walisema jambo la kweli. Ila kilichowafikisha kwenye ukweli wa 31 ndicho kilichowafikisha kwenye uongo wa 29 na wa 67, na mtu ambaye njia yake inampeleka kokote hawezi kusemwa kwamba anajua aendako. Kwa hukumu yangu, namba 2,147,483,647 ilikaa karibu karne mbili ikitajwa kuwa tasa na watu ambao hawakuwa na haki ya kuitaja hivyo.

Aliyeipata haki hiyo ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Saint Petersburg, na barua yake kuhusu jambo hili kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli ilitoka mwaka 1772, wakati macho yake yalikuwa yamekwisha karibu kabisa. Njia ya moja kwa moja ilikuwa wazi. Ili kujua kama namba ni tasa, inatosha kujaribu vigawo tasa hadi kipeuo chake cha pili, maana kama ina kigawo kikubwa kuliko hapo, lazima mwenzake awe mdogo. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni kama 46,341, na chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Kugawanya mara zote hizo kwa mkono ni kazi ya miezi, na kosa moja la kubeba linaharibu yote. Euler hakufanya hivyo. Aliuliza kwanza: kama namba yetu ingekuwa na kigawo tasa, kigawo hicho kingelazimika kuwa na sura gani?

Jibu lake linafuatika hata redioni, tukitumia mfano mdogo. Tuchukue 2 kwa kipeo cha 11, tuondoe 1: tunapata 2,047. Hii si tasa. Ni 23 mara 89. Chukua 23. Anza na 1, uwe unazidisha kwa 2, na kila unapopita 23 uiondoe na kubaki na baki. Unapata 1, 2, 4, 8, 16, kisha 32 inakuwa 9, kisha 18, kisha 36 inakuwa 13, kisha 26 inakuwa 3, kisha 6, kisha 12, kisha 24, ambayo inarudi kuwa 1. Umefunga duara lenye namba 11. Haikuwa bahati: kwa kuwa 23 inagawanya 2,047, lazima kuzidisha kwa 2 mara kumi na moja kukurudishe ulipoanza, na kwa kuwa 11 yenyewe ni tasa, duara haliwezi kuwa fupi zaidi. Sasa tafuta baki ambayo haimo ndani ya duara hilo, tuseme 5, ufanye vilevile: 5, 10, 20, 17, 11, 22, 21, 19, 15, 7, 14, kisha 28 inarudi kuwa 5. Duara la pili, nalo lina namba 11. Baki zote kuanzia 1 hadi 22 zimekwisha. Zimegawanyika katika maduara mawili yaliyo sawa, na hakuna iliyoachwa nje. Kwa hiyo 22, yaani 23 ukiondoa 1, imelazimika kuwa mafungu kamili ya 11. Ukifanya hivyo kwa 89 utapata maduara manane, na 88 ni 8 mara 11. Hoja ni ileile kwa namba yetu: kigawo tasa chochote cha 2,147,483,647, ukikiondolea 1, lazima kitoe mafungu kamili ya 31, na kwa kuwa ni witiri, mafungu kamili ya 62. Liko sharti la pili, ambalo uthibitisho wake unahitaji ubao na chaki: kigawo hicho, kikigawanywa kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. Ukitazama 23 na 89 utaona zinalitii, maana 23 hubakiza 7 na 89 hubakiza 1.

Unganisha masharti hayo mawili, uone yanavyofyeka. Kigawo tasa cha namba yetu lazima kiwe kimoja kuzidi mafungu ya 248, au 63 kuzidi mafungu hayo. Hadi 46,341 namba za sura hizo ni 373 tu, na ukiondoa zile ambazo zenyewe si tasa, zinabaki chache zisizofika mia. Ya kwanza kabisa ya kujaribu ni 311. Gawanya: 311 inaingia katika namba yetu mara 6,905,092, na baki ni 35. Haigawanyiki. Endelea hadi mwisho wa orodha, na kila mara kuna baki. Hivyo ndivyo Euler alivyomaliza, na hivyo ndivyo namba iliyokuwa ikidhaniwa tasa ilivyojulikana kuwa tasa. Kazi ya mara 4,700 na ushei ilipungua ikawa ya mara zisizofika mia, na kilichoipunguza ni fikra kuhusu sifa za namba yenyewe. Katika hoja yote ya maduara, hakuna mahali tulipozitazama tarakimu. Rekodi yake ya kuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana kuwa tasa ilidumu hadi mwaka 1867, Mfaransa Landry alipopata namba tasa kubwa zaidi.

Atasimama msikilizaji mmoja aseme: kwa nini kusumbuka na uthibitisho? Mtu akijaribu mifano ya kutosha na yote ikakubali, si inatosha? Katika mambo mengi ya maisha inatosha kweli. Daktari na mkulima hufanya kazi kwa mifano iliyokubali mara nyingi. Kwa namba haitoshi, na ushahidi uko mlangoni kwa namba yetu. Izidishe kwa 2, ongeza 3: unapata 4,294,967,297, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1. Fermat, mmoja wa vichwa vikubwa vya karne ya 17, alikuwa ameona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote zina sura ya aina hiyo, ni tasa, akaamini kwamba inayofuata nayo ni tasa na mfuatano wote ni tasa milele. Mifano mitano mfululizo, bila hata mmoja wa kupinga. Mwaka 1732 Euler huyohuyo alionyesha kwamba 4,294,967,297 ni 641 mara 6,700,417. Fermat alikuwa na mifano, na mifano ilimwangusha kwenye hatua ya sita. Wala hadi leo haijapatikana hata moja katika mfuatano huo, baada ya zile tano, iliyothibitishwa kuwa tasa. Namba hazina wajibu wa kuendelea kufanya kile zilichofanya mwanzo.

Pingamizi la pili ni la zama zetu, na ndilo ninalolisikia kwa wanafunzi wengi: leo kompyuta itagawanya namba hiyo kwa kila kitu kwa kufumba na kufumbua, basi fikra za Euler zimepitwa na wakati. Kwa namba hii moja, wanasema kweli. Kompyuta ya kawaida ingeweza kujaribu vigawo vyote hadi 46,341 kabla sijamaliza sentensi hii. Lakini sogea kidogo mbele. Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana leo, iliyotangazwa Oktoba 2024, ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ukiondoa 1, na ukiiandika kwa makumi ina tarakimu zaidi ya milioni 41. Hakuna kompyuta, wala kompyuta zote za dunia zikiunganishwa, zinazoweza kuigawanya kwa kila kigawo hadi kipeuo chake cha pili. Muda wa ulimwengu hautoshi. Iliwezekana kwa sababu namba za ukoo huu zina kipimo chake maalumu, kilichoanzishwa na Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1876 na kunyooshwa baadaye na Mmarekani Lehmer. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, ondoa 2, ubaki na baki baada ya kugawanya kwa namba unayoipima. Rudia idadi ya hatua iliyo mbili chini ya kipeo. Ukifika sifuri, namba ni tasa. Usipofika, si tasa. Ijaribu kwa 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5 ukiondoa 1: 4 inatoa 14, 14 inatoa 194, ambayo baki yake ni 8, 8 inatoa 62, ambayo ni 31 mara mbili, baki sifuri. Hatua tatu, imekwisha. Kwa namba yetu ya leo ni hatua 29. Na kuna jambo la ajabu zaidi: Lucas aliweza kuonyesha kwamba namba ya Mersenne yenye kipeo cha 67 si tasa bila kukijua hata kigawo chake kimoja. Vigawo vyenyewe, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilitolewa na Mmarekani Frank Nelson Cole mwaka 1903. Kompyuta basi hutekeleza fikra. Mwenye kuipa fikra mbovu atapata jibu bovu upesi, au hatapata jibu kabisa.

Pingamizi la tatu ni la manufaa, nalo lina umri mrefu. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba kamilifu inayotokana na namba yetu, nitaieleza punde, kwamba yamkini hiyo ndiyo itakayobaki kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa namba hizo ni za kuvutia tu, hazina faida, na hakuna atakayehangaika kutafuta nyingine. Alikosea mara mbili. Leo zinajulikana 52, na yetu ni ya nane tu. Na kuhusu faida, tazama sehemu mbili ambapo 2,147,483,647 inatumika, kwa sababu zinatenganisha vizuri sifa za namba na sifa za mwandiko. Ya kwanza ni saa za kompyuta. Mifumo mingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa Januari 1, 1970, na ile ya zamani huweka hesabu hiyo katika nafasi 32 za tarakimu za mawili, moja ikiwa ya alama ya hasi au chanya. Zinabaki nafasi 31, na zikijaa zote kwa 1 unapata namba yetu. Hapo ni Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utaruka kwenye hasi na kudhani ni Desemba 1901. Ni tatizo halisi, wenye mitambo wanapaswa kulishughulikia mapema, lakini halihusiani hata kidogo na utasa wa namba. Ni ukomo wa sanduku tulilochagua kuandikia. Tungechagua nafasi 64, ukomo ungekuwa namba nyingine kabisa.

Sehemu ya pili ni tofauti. Kompyuta ikitaka namba zinazoonekana kama za kubahatisha, kwa mfano kwa michezo au kwa majaribio ya kitakwimu, hutumia kanuni fulani. Moja iliyo maarufu, iliyopendekezwa mwaka 1969 na kusifiwa tena na watafiti Park na Miller mwaka 1988, inasema: zidisha namba uliyonayo kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, chukua baki, rudia. Utapita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, bila kuruka hata moja, kabla ya kurudi ulipoanzia. Hilo linawezekana kwa sababu kigawanyo ni tasa. Mchukue jirani yake, 2,147,483,648, ufanye vivyo hivyo kwa kuzidisha tu: ukianza na witiri utapata witiri peke yake, na duara lako halitazidi robo ya namba hiyo hata ukichagua kizidishi kizuri namna gani. Na tunajuaje kwamba 16,807 inapita kila mahali? Kwa kukipima kizidishi hicho dhidi ya vigawo tasa vya jirani anayetangulia, zile 2, 3, 7, 11, 31, 151 na 331 tulizozitaja mwanzoni. Orodha ile iliyoonekana kama pambo imegeuka kuwa chombo cha kazi. Hapa huwezi kubadili mwandiko ukaokoka. Sifa inayofanya kazi ni ya namba yenyewe.

Linabaki pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Aina za namba, mtu atasema, ni za kutungwa. Leo nikitaka naweza kuanzisha aina ya namba zenye tarakimu 7 mbili, na namba yetu itaingia. Ni kweli unaweza. Ila nitakuuliza: kutokana na hilo, ni nini kingine kinachofuata? Hakuna. Aina hupimwa kwa yale yanayofuata baada ya kuijua. Namba kamilifu ni ile iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe: 6 ni 1 na 2 na 3, 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14. Euclid, miaka kama mia tatu kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba kila 2 kwa kipeo ukiondoa 1 inapokuwa tasa, huzaa namba kamilifu. Euler akathibitisha upande wa pili, kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa hupatikana kwa njia hiyo. Kwa hiyo siku ile utasa wa 2,147,483,647 ulipothibitishwa, papo hapo ikajulikana kwamba 2,305,843,008,139,952,128 ni kamilifu, bila mtu kujumlisha vigawo vyake. Namba hiyo ndiyo pia unayopata ukijumlisha 1, 2, 3 na kuendelea hadi kwenye namba yetu yenyewe. Jambo moja lilipojulikana, jingine lilifuata bila kazi ya ziada. Aina ya namba zenye 7 mbili haijawahi kuzaa kitu kama hicho.

Mwalimu unayesikiliza, mzazi uliye na kijana wa sekondari, msimwachie kijana huyo majina ya aina za namba ayakariri kwa ajili ya mtihani tu. Mpeni 131,071, ile ya Cataldi, yenye kipeo cha 17. Kwa njia ya kujaribu kila namba tasa hadi kipeuo cha pili, atagawanya mara sabini na kitu. Kisha mwambieni kwamba kigawo chake tasa lazima kiwe kimoja kuzidi mafungu ya 34, na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Atagundua mwenyewe kwamba hadi 362 zinabaki namba tatu tu za kujaribu: 103, 137 na 239. Baki ni 55, 99 na 99. Namba ni tasa, na nusu ukurasa wa daftari umetosha.